Kusasisha mfumo wa kwenye flashi ndani ya mashine pepe

Fundi wa kompyuta anayezunguka kati ya Posta, Kariakoo na Ubungo huwa na flashi moja ambayo haibebi nyimbo wala nyaraka. Imebeba mfumo endeshi mzima. Kompyuta ya mteja ikigoma kuwaka, anaichomeka, anabonyeza F12, F9 au Esc kutegemea aina ya mashine, na muda si mrefu yumo ndani ya Debian yake, aina mojawapo ya Linux, anaokoa mafaili. Mwanafunzi anayetegemea kompyuta za maabara ya chuo au za steshenari naye inamfaa vilevile: mipangilio yake, nywila zake na kazi zake anaondoka nazo, na mashine ya watu inabaki kama alivyoikuta.

Lakini flashi ya namna hii husahaulika. Hutengenezwa mara moja, ikakaa kwenye mkoba miezi na miezi, na siku inapohitajika kivinjari chake kimepitwa na kina mianya iliyokwisha kuzibwa kwingine. Pengine hata kuwaka haiwaki. Agosti 2024 sasisho la Windows lilipeleka kwenye kompyuta kanuni mpya za SBAT, zinazoamua ni matoleo gani ya vianzishi (programu zinazouwasha mfumo) yasiyoaminika tena chini ya Secure Boot, ulinzi unaoruhusu vianzishi vilivyosainiwa tu, na flashi za Linux zenye shim ya zamani, yaani kianzishi kidogo kilichosainiwa kinachotangulia, zikaanza kukataliwa kwa ujumbe huu:

Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation

Flashi ikitoa maneno hayo haijafa, shim yake ndiyo imepitwa. Unaweza kuzima Secure Boot ili upite, lakini kwenye laptopu ya ofisi yenye BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) kitendo hicho kinaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na wateja wengi hawajui ufunguo huo uko wapi. Ni bora utoke nyumbani ukiwa na shim mpya.

Kusasisha flashi kwenye kompyuta ya mteja au ya maabara ni kazi ya hatari. Umeme ukikatika katikati ya dpkg, programu inayosakinisha vifurushi vya Debian, unabaki na vifurushi nusu vimefunguliwa nusu havijafunguliwa. Bando linaweza kuisha hapohapo. Baya zaidi ni GRUB, kianzishi cha Linux: ikisasishwa huku diski ya mteja ikionekana, swali moja la kuchagua diski likijibiwa kwa haraka linatosha kuandika kianzishi chako juu ya cha kwake. Ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta yako, diski pekee inayoonekana ni flashi, hivyo hata ukikosea huna cha mtu cha kuharibu.

Ila mashine pepe ina mtego wake, na ndiyo sababu ya makala haya. Mfumo uliosasishwa humo unaweza kujipanga kana kwamba humo ndimo utakamoishi siku zote: draiva za vifaa vya humo, majina ya diski za humo, kianzishi kinachofahamika humo tu. Ukiutoa nje hauwaki. Usasishe ndani, lakini uuzuie kuzoea huko.

Kwanza ujue una flashi ya aina gani

Washa mfumo wa flashi uandike:

findmnt /

Ikitokea neno overlay, flashi yako ni ya live yenye hifadhi ya kudumu, kama zile zinazotengenezwa kutoka faili la ISO. Ikitokea patisheni halisi, mfano /dev/sdb2 yenye ext4, ni usakinishaji kamili. Tofauti hii ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata.

Flashi ya live usiifanyie full-upgrade, yaani kusasisha vifurushi vyote. Mfumo wake wa msingi umo ndani ya faili la squashfs lisiloandikika, kwa hiyo kila kifurushi kipya kinawekwa juu yake na cha zamani kinabaki palepale chini. Nafasi inaliwa mara mbili. Tena kwenye Ubuntu ya live kerneli (kiini cha mfumo) inayowaka hutoka kwenye ISO, si kwenye hifadhi yako, hivyo hata ukipakua mpya haitumiki. Flashi hiyo chukua ISO mpya uiandike upya, ukishahamisha nyaraka zako. Tails, Linux ya live ya kulinda faragha, nayo ina njia yake yenyewe ya kujisasisha, ifuate hiyo. Yaliyobaki hapa yanahusu usakinishaji kamili, na nitatumia Debian kwa sababu ndiyo tulivu kuliko zote kwa kazi hii.

Kama flashi yako ni ya biti 32 kwa ajili ya kompyuta kuukuu, usiipeleke Debian 13, iliyotoka Agosti 2025. Toleo hilo halina tena kerneli wala kisakinishi cha i386. Baki Debian 12 upokee masasisho ya usalama yake.

Nakili kwanza, fanyia kazi nakala

Unaweza kuiwasha flashi yenyewe ndani ya mashine pepe. Inawezekana, lakini inachosha. Dpkg huandika vipande vidogovidogo na kila mara husubiri diski ithibitishe kuwa imeandika, na hapo ndipo flashi ya bei ya chini huwa dhaifu kuliko popote. Kazi ya dakika kumi kwenye SSD inaweza kula saa kadhaa kwenye flashi. Kama laptopu yako ina nafasi ya kutosha, toa nakala ya flashi nzima, sasisha nakala, kisha irudishe.

Kwenye kompyuta yako ya Linux (Windows ina sehemu yake mbele), tafuta jina la flashi:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN,MOUNTPOINT

Safu ya TRAN itaonyesha usb. Tuseme ni sdb. Patisheni zake zote ziondolewe kwanza kwenye mfumo wa kompyuta yako, kwa sababu patisheni moja ikiandikwa na mifumo miwili kwa wakati mmoja itaharibika, na fsck, zana ya kurekebisha diski, haitaweza kurudisha kila kitu:

sudo umount /dev/sdb?*
sudo dd if=/dev/sdb of=flashi.img bs=4M status=progress
sudo chown $USER flashi.img

Flashi ya GB 32 inayosomeka kwa MB 30 kwa sekunde itachukua kama dakika 18. Kuirudisha ni polepole zaidi: kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde ni karibu dakika 53. Hesabu hizo zijue kabla hujaanza, maana umeme ukikatika wakati wa kurudisha na kompyuta yako ni ya mezani isiyo na UPS, utaanza upya. Kwa laptopu, hakikisha betri yake inafika saa nzima bila chaja.

Sasa weka tabaka la majaribio juu ya nakala, kwa qemu-img, zana ya QEMU, programu ya mashine pepe tutakayotumia:

qemu-img create -f qcow2 -b flashi.img -F raw jaribio.qcow2

Kila kitakachobadilika kitaingia jaribio.qcow2, na flashi.img inabaki ilivyo. Mambo yakiharibika, futa hilo faili moja utengeneze jingine. Yakienda vizuri, yaunganishe baadaye. Sijui njia nyingine inayokuacha ukosee kwa amani hivi.

Kuiwasha

Unahitaji vifurushi vya qemu-system-x86, qemu-utils na ovmf (inayoipa mashine pepe UEFI, mrithi wa BIOS), na VT-x au AMD-V, msaada wa kichakataji kwa mashine pepe, iwe imewashwa kwenye BIOS ya kompyuta yako. Amri ndefu ifuatayo iandike kwenye faili la skripti, itakufaa kila mara:

cp /usr/share/OVMF/OVMF_VARS_4M.fd vars.fd

qemu-system-x86_64 -enable-kvm -cpu host -smp 2 -m 3072 \
 -drive if=pflash,format=raw,readonly=on,file=/usr/share/OVMF/OVMF_CODE_4M.fd \
 -drive if=pflash,format=raw,file=vars.fd \
 -device qemu-xhci \
 -drive if=none,id=flashi,file=jaribio.qcow2,format=qcow2,cache=unsafe \
 -device usb-storage,drive=flashi,bootindex=0 \
 -nic user,model=e1000

Angalia mstari wa usb-storage. Mafunzo mengi yatakuambia utumie virtio, diski maalumu ya mashine pepe, kwa kuwa ni ya kasi zaidi, na kweli ni ya kasi. Lakini kwa virtio mfumo wako unajiona uko kwenye diski ya /dev/vda, kitu ambacho hautakikuta kwenye kompyuta yoyote halisi mtaani. Ukiiunganisha kama kifaa cha USB kupitia xhci (kidhibiti cha USB 3), mfumo unaona kile kile utakachokiona kwenye kompyuta ya mteja: diski ya USB (humo ndani kwa kawaida /dev/sda). Nusu ya mitego inaondoka hapo. Hilo cache=unsafe linaifanya QEMU isisubiri uthibitisho wa kuandika; ni salama kwa sababu unafanyia kazi nakala. Usilitumie kamwe ukiwa umeunganisha flashi yenyewe.

Ukishaingia, pima kabla ya kutumia bando:

df -h / /boot
sudo apt update
apt list --upgradable
sudo apt full-upgrade

Amri ya mwisho itasimama kwanza ikuonyeshe mstari unaoanza na Need to get (kwenye Debian 13, Download size) na ukubwa wa mzigo. Ukiuona ni mkubwa kuliko salio lako, jibu n. Kisha usubiri bando la usiku uendeshe sudo apt full-upgrade -d, inayopakua tu bila kusakinisha. Kusakinisha kwenyewe hakuhitaji intaneti, unaweza kukufanya asubuhi.

Mwenye flashi zaidi ya moja, kwa mfano fundi mwenye wasaidizi, asipakue mara mbili. Sakinisha apt-cacher-ng kwenye kompyuta yako, inayosikiliza kwenye mlango 3142. Ndani ya mtandao wa kawaida wa QEMU kompyuta yako, yaani mwenyeji, huonekana kwa anwani 10.0.2.2, kwa hiyo ndani ya mashine pepe andika:

sudo apt -o Acquire::http::Proxy=http://10.0.2.2:3142 update
sudo apt -o Acquire::http::Proxy=http://10.0.2.2:3142 full-upgrade

Flashi ya pili itachukua vifurushi vilevile kutoka kwenye kompyuta yako. Anwani hiyo iandike kwenye amri tu. Ukiiweka kwenye faili ndani ya /etc/apt, siku flashi iko kwenye kompyuta nyingine apt itatafuta 10.0.2.2 ambayo haipo na kukataa kufanya kazi. Vyanzo vyako vya apt navyo viwe vya http, kwa kuwa vya https havihifadhiwi kwa njia hii. Apt huhakiki saini za vifurushi hata kwa http.

Kuizuia isizoee mashine pepe

Hapa ndipo flashi nyingi hufia. Kerneli mpya inapoingia, mfumo hutengeneza initramfs, kifurushi kidogo cha draiva za kuanzia. Kama umeelekezwa kubeba draiva za mashine iliyopo tu, utabeba za mashine pepe na kuacha nyingine. Angalia:

grep -r ^MODULES /etc/initramfs-tools/

Jibu linalotakiwa ni MODULES=most. Ukiona dep, mara nyingi itakuwa ndani ya /etc/initramfs-tools/conf.d/driver-policy, kwa sababu kisakinishi cha Debian huandika huko pale mtu anapochagua initrd ya draiva chache. Wengi hubadilisha initramfs.conf na kushangaa hakuna kilichobadilika; faili la conf.d ndilo linaloshinda. Rekebisha, kisha:

sudo update-initramfs -u -k all
ls /boot/initrd.img-*

Usiridhike na kutokuona kosa. Chukua jina la initrd ya kerneli mpya kabisa na uifungue uone kilichomo:

lsinitramfs /boot/initrd.img-JINA | grep -E 'usb-storage|uas|xhci|ehci'

Yote manne yaonekane. Ehci ni ya kompyuta za zamani zenye USB 2.0 pekee, na uas ni ya baadhi ya SSD za nje. QEMU kwa amri yetu haitumii hata moja kati ya hizo mbili, kwa hiyo kuwaka kwa mfumo ndani ya mashine pepe hakuthibitishi kuwa zipo. Kwenye Fedora kazi hiyo hufanywa na dracut: weka hostonly="no" kwenye faili ndani ya /etc/dracut.conf.d/ kisha uendeshe dracut --regenerate-all --force. Kwenye Arch, ondoa autodetect kwenye HOOKS za mkinitcpio.conf na uendeshe mkinitcpio -P.

Linalofuata ni kianzishi. Kwenye UEFI, usakinishaji wa kawaida huandika jina la mfumo kwenye kumbukumbu ya ubao wa kompyuta. Kumbukumbu hiyo haisafiri na flashi. Kinachosafiri ni faili la EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, njia ambayo kila kompyuta huitafuta kwenye kifaa cha kuchomeka. Endesha:

sudo dpkg-reconfigure grub-efi-amd64

Swali la kulazimisha usakinishaji wa ziada kwenye njia ya vifaa vya kuchomoka lijibu ndiyo. Swali la kusasisha vigezo vya NVRAM, kumbukumbu ileile ya ubao, lijibu hapana, ili flashi isiache jina lake kwenye kompyuta za watu. Majibu haya yanahifadhiwa, na GRUB au shim ikisasishwa baadaye yanafuatwa yenyewe.

Kama flashi yako huwaka pia kwenye kompyuta za BIOS za zamani kupitia grub-pc-bin, sehemu hiyo haijisasishi. Ukishahakikisha kwa lsblk kuwa flashi ni sda, fanya kwa mkono: sudo grub-install --target=i386-pc /dev/sda. Kwenye GPT, jedwali la patisheni la kisasa, inahitaji patisheni ndogo ya MB 1 yenye alama ya bios_grub.

Mengine ni mepesi. /etc/fstab, faili linaloorodhesha patisheni za kufunguliwa, itumie UUID (namba ya utambulisho ya patisheni), isiwe na /dev/sda wala /dev/vda popote. Ukitumia VirtualBox, programu nyingine ya mashine pepe, usisakinishe zana zake za mgeni (Guest Additions). Na kwa kuwa mashine pepe haina Wi-Fi, hakuna kitakachokukumbusha draiva za Wi-Fi, basi hakikisha mwenyewe kuwa firmware-iwlwifi, firmware-realtek na firmware-atheros zipo na zimesasishwa.

Zima kwa sudo poweroff, usifunge dirisha tu. Kisha nakili upya OVMF_VARS_4M.fd juu ya vars.fd na uwashe tena. Kwa kumbukumbu tupu namna hiyo, mashine pepe inafanana na kompyuta isiyowahi kuiona flashi yako. Ikiwaka, njia ya BOOTX64.EFI iko sawa. Kwa BIOS, ondoa mistari miwili ya pflash ujaribu tena.

Mwenyeji wa Windows

Kama laptopu yako ni ya Windows na VirtualBox, BIOS ya VirtualBox haiwashi kutoka kwenye USB, hivyo flashi inaunganishwa kama diski ghafi. Fungua PowerShell kama msimamizi, tafuta namba ya diski kwa Get-Disk, kisha kwenye VirtualBox 7 (folda ya programu ni C:\Program Files\Oracle\VirtualBox):

.\VBoxManage createmedium disk --filename=C:\VM\flashi.vmdk --variant=RawDisk --format=VMDK --property RawDrive=\\.\PhysicalDrive1

VirtualBox yenyewe nayo ifunguliwe kama msimamizi, la sivyo utapata VERR_ACCESS_DENIED. Diskpart haitakubali kuiweka flashi offline kwa kuwa ni kifaa cha kuchomoka; badala yake ondoa herufi ya diski, mfano E:, kwa amri yake ya remove. Jambo la kutisha hapa ni namba: ukichomoa na kuchomeka, PhysicalDrive1 inaweza kuwa diski nyingine kabisa, na faili la vmdk litaielekea hiyo bila kuuliza. Futa faili hilo ukimaliza na utengeneze jipya kila mara. Alama ya kobe wa kijani chini ya dirisha inamaanisha Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Windows yenyewe, imeshika kichakataji, nawe utasubiri sana.

Wapo wenye Windows To Go, Windows inayowaka kutoka kwenye kifaa cha USB, ambayo Microsoft iliiondoa kuanzia Windows 10 toleo la 2004 lakini programu ya Rufus bado inaitengeneza. Matoleo makubwa hukataa kusakinishwa juu yake. Ndani ya mashine pepe flashi inaonekana kama diski ya SATA, na kwenye rejista, chini ya HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control, thamani ya PortableOperatingSystem inabadilishwa kutoka 1 kwenda 0 kabla ya kuendesha setup.exe ya ISO, kisha inarudishwa 1. Windows 11 inataka RAM ya GB 4 na TPM 2.0 (chipu ya usalama), ambayo VirtualBox 7 inaweza kuiigiza. Kwa kazi hii tumia SSD ya nje. Flashi ya kawaida itakuadhibu kwa saa nyingi, na sioni sababu ya kuivumilia.

Kurudisha na kujaribu nje

Unganisha tabaka na uandike flashi:

cp flashi.img akiba.img
qemu-img commit jaribio.qcow2
sudo dd if=flashi.img of=/dev/sdb bs=4M oflag=direct conv=fsync status=progress

Rudia lsblk kabla ya dd, hata kama una uhakika. Ukiandika flashi mpya badala ya ileile ya zamani, ipime kwanza kwa f3write na f3read, kwani flashi zinazodanganya ukubwa wake zipo nyingi na huandika bila kulalamika hadi zinapojaa. Flashi mbili za GB 32 pia hazilingani kabisa. Ya pili inaweza kupungua MB kadhaa na nakala isitoshe. Ndiyo maana inafaa kuacha GB chache tupu mwishoni tangu siku ya kwanza na kunakili sehemu yenye patisheni tu, kisha kulirudisha jedwali la akiba la GPT mwishoni kwa sgdisk -e. Na nakala mbili zina UUID moja, kwa hiyo zisichomekwe pamoja kwenye kompyuta moja.

Sasa ijaribu kwenye kompyuta halisi, ikiwezekana mbili: moja mpya yenye Secure Boot, moja kuukuu. Ikikwama na kukupa mstari wa (initramfs), andika blkid. Flashi isipoonekana kwenye orodha, draiva ya USB haimo kwenye initramfs. Ikionekana, linganisha UUID yake na iliyoandikwa kwenye cat /proc/cmdline. Kwa vyovyote vile, washa upya, ingia Advanced options kwenye GRUB na uchague kerneli ya zamani, ambayo initramfs yake haikuguswa isipokuwa kama uliendesha update-initramfs yenye -k all, na urekebishe ukiwa humo. Hii ndiyo sababu apt autoremove na apt clean zisiendeshwe ndani ya mashine pepe. Ziendeshe flashi ikishawaka kwenye kompyuta zote mbili, na akiba.img uifute baada ya hapo.